Tumaini Lisilo na Tarehe: Miezi 27 Kando ya Mashine ya Kusafisha Damu

Mume wangu alianza kusafishwa damu kwa mashine mwishoni mwa Februari 2021, hapa hapa Moshi, na alifariki dunia Mei 2023, masika yakiwa yanaelekea ukingoni. Kati ya miezi hiyo miwili kuna safari ambayo sikuwahi kudhani ningeweza kuimaliza. Niliianza nikiwa Mkristo wa tangu utotoni, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyezoea kuwaambia wagonjwa na wafiwa kwamba Mungu hamwachi mtu wake, na katika wiki chache niligundua kwamba maneno hayo nilikuwa nimewagawia wengine kwa miaka mingi bila kuyapima uzito. Naandika kwa sababu mara kwa mara mtu hunipigia simu, au hunisimamisha pale soko la Memorial ninakouza nguo, akaniuliza niliwezaje kuvumilia. Ukweli ni kwamba sikuvumilia vizuri. Yapo makosa niliyofanya ambayo nusura yamgharimu mume wangu maisha kabla ya wakati wake, na mengine yaliniondolea amani kwa muda mrefu, nami ningependa anayeianza safari hiyo leo asiyarudie.

Mume wangu alikuwa dereva wa magari ya watalii. Kwa miaka 19 alipeleka wageni Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na barabara za vumbi zilimwachia maumivu ya mgongo ambayo aliyatuliza kwa vidonge vya diklofenaki alivyonunua dukani bila kuandikiwa na daktari. Mwaka 2014 aligundulika kuwa na presha. Alipewa dawa, akawa anazimeza anapojisikia vibaya na kuziacha anapojisikia nafuu, kama wafanyavyo wengi wetu. Mwaka 2020 watalii walipokoma kuja kwa sababu ya korona, kampuni aliyoitumikia iliwasimamisha madereva, michango ya bima ya afya ikakoma, na dawa za presha zikawa kitu cha kununua iwapo kuna salio baada ya chakula na ada za shule. Januari 2021 miguu ilianza kuvimba. Alikosa hamu ya kula, akawa anatapika asubuhi na kuamka usiku akikuna ngozi. Tulimtibu homa ya matumbo mara mbili kabla mtu yeyote hajafikiria kupima figo.

Daktari alituketisha akatueleza kwa upole kwamba presha iliyopanda kwa miaka huharibu mishipa midogo iliyo ndani ya figo, na kwamba dawa za maumivu za aina ile, zikitumiwa muda mrefu, hupunguza damu inayofika huko, hivyo figo za mume wangu zilikuwa zimepigwa kutoka pande mbili. Sikuyasikia yote siku ile. Nilichosikia ni kwamba figo zote mbili zimeshindwa kazi, na kwamba bila mashine hana wiki nyingi. Ukiwa una mtu wa presha nyumbani na hajawahi kupimwa mkojo na kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kama figo zinafanya kazi, mpeleke akapimwe hata kama anatembea na kucheka, kwa maana mume wangu alikuwa anatembea na kucheka.

Usiku ule nilipiga magoti nikamwomba Mungu ampe uponyaji kabla ya Pasaka. Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 4 Aprili, na nilikuwa nimehesabu siku. Niliona ni ombi la imani kubwa, nikawaambia wanawake wenzangu wa kanisani, nao wakaungana nami kufunga. Pasaka ilikuja, tukaimba, na siku mbili baadaye mume wangu alikuwa kitandani na waya shingoni, ule mpira unaopitisha damu kwenda kwenye mashine, kama kawaida. Nikahamisha tarehe hadi siku yake ya kuzaliwa, mwezi Agosti, kisha hadi Krismasi. Kila tarehe ilipopita niliumia zaidi kuliko nilivyoumizwa na ugonjwa wenyewe, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umempiga yeye, lakini tarehe iliyopita ilinifanya nione kwamba Mungu amenikataa mimi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba nilichokiita tumaini kilikuwa mkataba ambao nilikuwa nimeuandika peke yangu na kumwekea Mungu mahali pa kutia sahihi.

Mambo ya fedha nitayasema wazi, kwa kuwa wanaosimulia habari za imani mara nyingi huyaruka. Mgonjwa kama yeye anatakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa saa nne hivi. Sisi tulimudu mara mbili. Tulilipa shilingi 220,000 kwa kila mara, yaani 440,000 kwa wiki, mbali na nauli, sindano za kuongeza damu na vipimo. Tuliuza gari letu dogo kwa milioni 8 ndani ya miezi miwili ya kwanza, tukiwa na haraka na hofu, na mnunuzi aliiona hofu hiyo akaitumia. Kiwanja chetu cha Boma Ng'ombe kilifuata. Nilikopa kwenye kikoba mpaka nikaona haya kuhudhuria vikao. Mpaka bima ilipopatikana tena, karibu miezi 17 baadaye, tulikuwa tumetumia zaidi ya shilingi milioni 30. Kama ningeanza upya, ningeita kikao cha ndugu wote katika wiki ya kwanza, nikaweka hesabu mezani bila kuficha, na ningekwenda siku hiyo hiyo kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kueleza hali yetu. Mimi nilificha. Nilidhani kuomba msaada ni kumwaibisha mume wangu, na pia, nakiri, nilidhani ni kumwaibisha Mungu, kana kwamba Yeye angeonekana hatoshi endapo watu wangejua tunakosa nauli.

Chakula nacho kilikuwa mtihani ambao mtu wa kwetu pekee ndiye atauelewa. Ndizi zina potasiamu nyingi, na figo zisizofanya kazi haziwezi kuitoa. Ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Mchaga aliyelelewa kwa mtori akaambiwa aogope ndizi ni kama ameambiwa aogope nyumba ya mama yake. Parachichi, maharage na mboga nyingi za majani navyo vilikuwa na masharti. Nilijifunza kumenya ndizi, kuzikata vipande vidogo, kuziloweka, kuzichemsha kwa maji mengi, kuyamwaga maji yale, na kuzipika upya kwa maji mengine, naye alikula kidogo tu, bila mchuzi. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kikombe kimoja kidogo cha plastiki ambacho bado ninacho. Tulikuwa na daftari la kuandika uzito wake kila asubuhi, kwa maana uzito ukipanda kilo mbili au tatu kati ya siku moja ya mashine na nyingine, hiyo si nyama, ni maji yanayojikusanya mwilini. Mkono uliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha mishipa kwa ajili ya mashine haupimwi presha wala hautolewi damu. Usione haya kumkumbusha mhudumu, hata akikunja uso.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupapita haraka, lakini ndipo sababu kubwa ya kuandika.

Oktoba 2021 fedha zilikuwa zimekwisha kabisa, na mimi nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi. Mtu tuliyemwamini alituelekeza kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akifanya mikutano ya maombezi nje ya mji wa Arusha. Tulikwenda mara mbili. Mara ya pili aliwaambia wagonjwa mbele ya watu wote kwamba anayeshika dawa kwa mkono mmoja na Mungu kwa mkono mwingine hapokei kitu. Hakumtaja mume wangu wala hakumwambia aache mashine. Uamuzi ule tuliufanya sisi, ndani ya haisi wakati tunarudi Moshi, na mimi ndiye niliyeutamka. Nilisema tumwonyeshe Mungu kwamba tunamwamini. Mume wangu alinitazama kwa muda, akasema, "Mama, kama unaona hivyo, sawa." Niliita imani, na sehemu yake ilikuwa imani kweli. Lakini leo najua kwamba sehemu kubwa ilikuwa kuishiwa fedha na kuchoka, na neno imani lilinipa heshima ambayo neno kuishiwa lisingenipa.

Aliruka mashine mara tatu. Siku ya kumi alianza kulala ameketi. Usiku wa kumi na mbili, saa tisa, aliniamsha akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi katikati yake, midomo ikiwa imebadilika rangi, miguu imevimba hadi mapajani. Jirani yetu hapa Pasua alitoa gari lake bila kuuliza swali lolote. Mapafu yalikuwa yamejaa maji na potasiamu ilikuwa imepanda kiasi cha kuyumbisha mapigo ya moyo. Walimwingiza kwenye mashine kabla ya mapambazuko, kwa deni. Muuguzi mmoja wa makamo alinikuta nimekaa sakafuni kwenye korido, akachuchumaa karibu nami, akaniuliza kwa nini tulikosa siku zile. Nilipomweleza hakunikemea. Alisema tu kwamba yeye naye huomba kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine zile, kisha akanisaidia kusimama.

Kwa wiki nyingi baada ya hapo sikuweza kuomba. Nilikwenda kanisani, nikasimama kwenye safu yangu ya kwaya, nikafungua kinywa. Ndani nilikuwa na hasira kwa Mungu na hasira zaidi kwangu mwenyewe. Nilidhani nimeipoteza imani. Mchungaji wetu, mtu mkimya ambaye hajui kupamba maneno, alinitembelea na hakunihubiria. Alinisomea Zaburi ya 13, akanionyesha kwamba mwombaji anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne kabla hajasema lolote jingine. Kisha akanionyesha Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kumalizikia gizani, bila shukrani mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Aliniambia kwamba aliyeacha kuamini huondoka, habaki kugombana na asiyekuwepo. Kuanzia hapo maombi yangu yalibadilika. Nilianza kumwambia Mungu mambo kama yalivyo: kwamba nimechoka, kwamba namwonea wivu mwenzangu ambaye mumewe amepona, kwamba leo sitaki kumwona mgonjwa wangu. Sikuwahi kuomba hivyo katika miaka 40 ya kwenda kanisani, na sikuwahi kujisikia ninasikilizwa kama wakati ule.

Januari 2022, kiangazi kikiwa kikali, nilikwenda Machame kwa mama mkwe kuchukua ndizi na kueleza jambo la kihamba, yaani shamba la ukoo. Shemeji mkubwa alikuwa amekataa katakata kipande chake kuuzwa, kwa sababu makaburi ya babu zao yamo humo, na mimi nilikwenda na maneno makali tayari mdomoni. Nilimkuta mama mkwe, mwenye miaka zaidi ya 80, akijiandaa kwenda kwenye mfongo, yaani ule mfereji wa asili unaoleta maji kutoka juu mlimani. Zamu ya kaya yao ilikuwa usiku ule. Nilimfuata na taa. Tulikaa kwenye jiwe, jembe likiwa miguuni, baridi ikishuka kutoka mlimani, na maji hayakuja kwa wakati. Mimi nililalamika. Yeye aliinuka mara mbili kuzibua majani na tope kwenye mchirizi unaoingia shambani kwake, ingawa hakukuwa na tone la maji. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Alinijibu, "Mwanangu, maji hayana saa, lakini yakija na mchirizi umeziba yatapita kwa jirani. Kungoja maji si kulala kando ya mfongo."

Alikuwa anazungumzia maji, nami sidhani kama alikusudia jambo jingine. Lakini mwanamke yule alikuwa amezika watoto wanne na sasa wa tano alikuwa anatundikwa kwenye mashine mara mbili kwa wiki, na bado alikuwa anazibua mchirizi saa sita ya usiku. Maji yalikuja karibu saa nane. Hatukuzungumza habari ya kihamba usiku ule wala asubuhi yake, na hakikuuzwa. Leo nashukuru, kwa maana ndipo alipolala mume wangu.

Niliporudi mjini niliacha kuweka tarehe. Badala yake nilijiuliza kila asubuhi mchirizi wa leo ni upi. Mara nyingi jibu lilikuwa dogo sana: kupima maji kwenye kikombe, kuandika uzito, kupiga simu hospitali kuuliza kama mashine zote zinafanya kazi ili tusipoteze nauli, kumlipa mtu deni la shilingi elfu tano. Niliyafanya kama sehemu ya maombi yangu, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu kinachotokea maombi yanapotenganishwa na mashine. Nilikumbuka pia habari ya Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, aliyelala chini ya mti akiomba kufa. Malaika alipokuja hakumpa hotuba, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari ni ndefu. Anayemuuguza mtu naye lazima ale na alale. Mimi nilijinyima vyote viwili kwa miezi nikidhani ni upendo, nikaishia kumfokea mgonjwa kwa kosa la kuomba maji. Nilipokubali dada yangu ashike zamu ya Ijumaa, nilirudi kuwa mke.

Benchi la kusubiria mashine lilikuwa kanisa langu la pili, ingawa wengi wetu hatukuwa wa dhehebu moja wala wa dini moja. Mzee mmoja Mwislamu wa Majengo, aliyekuwa akimleta mkewe, ndiye aliyenifundisha subira kuliko mahubiri mengi. Aliniambia kwamba wao wameagizwa kutaka msaada kwa subira na sala, na kwamba katika aya ile subira imetajwa kwanza. Nilimuuliza yeye anaielewaje. Akasema kuna siku sala haitoki kinywani, basi siku hiyo mtu anakuja hospitali na mkewe, anakaa, na Mungu anaihesabu. Mkewe alifariki kabla ya mume wangu. Mzee aliendelea kuja mara moja moja kutusalimu, akiwa na mfuko wa maandazi.

Kuhusu wanaotembelea wagonjwa, nina ombi. Tuliambiwa mengi katika miezi ile: kwamba kuna dhambi iliyofichwa, kwamba kuna mtu wa ukoo ametutupia kitu, kwamba Mungu humjaribu anayempenda, kwamba tungekunywa majani fulani ya porini figo zingeamka. Hayo majani niliyakataa, kwa kuwa daktari alikuwa ametuonya kwamba dawa zisizojulikana kipimo zinaweza kumaliza hata kile kidogo kilichobaki, na wakati huo nilikuwa nimeshapata funzo langu. Lakini maneno juu ya dhambi yalimuumiza sana mume wangu, naye alikaa siku nzima akipekua maisha yake tangu ujana. Rafiki zake Ayubu walifanya vema kwa siku saba walipoketi naye chini bila kusema neno, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia kwa yale waliyosema baadaye. Ukienda kumwona mgonjwa, peleka nauli, peleka sukari, fua nguo, mpeleke mtoto wake shule. Ukikosa la kusema, kaa.

Julai 2022 binti yetu mkubwa alipata ajira ya ualimu serikalini, na kwa kuwa mtumishi wa umma aliweza kuwaandikisha wazazi wake kama wategemezi kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, baba yake aliingia kwenye bima. Siku aliyosafishwa damu kwa mara ya kwanza bila sisi kulipa, nilikaa garini nikalia mpaka dereva wa teksi akazima injini akanisubiri. Sikuwa nimeomba bima. Nilikuwa nimeomba uponyaji kwa tarehe, na msaada ulikuja kupitia mtoto tuliyemsomesha kwa shida. Kutoka hapo aliweza kwenda mara tatu kwa wiki, na kwa miezi minane alirudi kuwa na sura yake. Aliweza kupanda Machame kwa Krismasi ya 2022, akaketi mbele ya nyumba ya mama yake na kusalimiana na watu waliokuja kutoka kila upande wa nchi.

Tulizungumza pia habari ya kupandikizwa figo. Hapa nchini upasuaji huo umekuwa ukifanyika tangu mwaka 2017 Muhimbili, na tangu 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, na mtoaji huwa ni ndugu. Shemeji yule yule aliyekataa kihamba kiuzwe ndiye aliyesema wachukue yake. Nilimwomba msamaha siku hiyo kwa maneno yote niliyokuwa nimeyasema nyuma yake. Vipimo vya awali vilionyesha kwamba naye ana presha, tena hakujua, hivyo akaondolewa kwenye orodha na kuanzishiwa dawa. Katika kutaka kumwokoa mdogo wake alijiokoa mwenyewe kwa sehemu. Niliumia, lakini nilijiona nimebadilika: sikuwa nimeshaandika tarehe ya kwenda Dodoma moyoni.

Machi 2023 moyo wake ulianza kushindwa. Tulipata muda wa kuzungumza, na hilo nalihesabu kuwa rehema kubwa kuliko nyingi tulizopewa. Nilimwomba radhi kwa zile siku kumi na mbili za Oktoba. Alisema alishanisamehe ndani ya haisi, kabla hatujafika Boma Ng'ombe, kwa sababu aliona nimechoka na yeye pia alikuwa amechoka. Tuliandika mambo ya mirathi, tukamwita shemeji na wazee wawili wa kanisa wawe mashahidi, jambo ambalo watu wengi huliahirisha wakidhani ni kukosa imani, kisha wajane wakaachwa kwenye mabishano. Aliniambia haogopi. Aliomba nimpikie mtori, wa kweli, wenye mchuzi. Nilimuuliza daktari, naye akanyamaza kidogo, akasema nimpe. Alikula vijiko sita.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, mimi nikiwa nimeshika mkono ule wenye mishipa iliyounganishwa, ambao kwa miaka miwili ulitetemeka chini ya ngozi kama kitu hai. Nilihisi ulipotulia. Nilisema "hata lini" kwa mara nyingine, nami nasema bado, mara nyingi nikiwa peke yangu jioni nafunga mabunda ya nguo. Sijapata maelezo kwa nini mtu mwema wa miaka 51 aliondoka. Nilichopata ni kwamba katika miezi 27 hakuna hata siku moja niliyokaa kwenye benchi lile peke yangu, na sikuweza kuliona hilo wakati nilipokuwa nahesabu siku kuelekea Pasaka.

Madeni ya kikoba niliyamaliza mwaka uliofuata. Kila Jumanne, ikiwa soko si kubwa, nafunga meza mapema na kubeba chupa ya uji kwenda pale hospitali. Wapya huwa wanatambulika, kwa kuwa hushika karatasi zote mkononi na kuinuka kila mlango unapofunguliwa. Wiki iliyopita alikuwepo mama mmoja kijana kutoka Rombo, mumewe ndiyo kwanza ametiwa waya shingoni. Aliniuliza kama ikifika Krismasi atakuwa amepona. Nilimmiminia uji, nikasogea nikakaa karibu naye, na baada ya muda nikamwuliza kama wamempa daftari la kuandikia uzito.